Saa kumi na tatu Singapore na mama: tutoke au tukae uwanjani?

Mama Safari, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Tanga. Mwezi ujao namsindikiza mama kwenda Melbourne, Australia, kwa mdogo wangu aliyejifungua mtoto wake wa kwanza. Mama ana miaka 68 na hajawahi kupanda ndege. Maisha yake yote ameuza kanga na vitenge Ngamiani, ndizo zilizotusomesha.

Ndege yetu inapita Singapore. Tunatua Jumanne saa moja na nusu asubuhi, na ya Melbourne inaondoka saa mbili na nusu usiku siku hiyo hiyo. Tiketi ni moja mpaka mwisho wa safari. Kwa hiyo tuna saa kumi na tatu, na hizo saa zimetugombanisha nyumba nzima.

Kaka yangu mkubwa anasema tusitoe mguu nje ya uwanja. Yeye aliwahi kuachwa na ndege katika mji mwingine akalala sakafuni siku mbili, na tangu hapo haamini cha mtu. Mdogo wangu wa Melbourne naye ametuma orodha ya sehemu kumi na moja, kila moja na picha yake, anasema tukikosa hata moja tutajuta. Mama nikimuuliza anajibu, "Popote mtakaponiweka nitakaa." Jibu hilo linanitisha kuliko ugomvi wa hao wawili, maana ndilo alilokuwa akitoa miaka yote alipokuwa na jambo moyoni asilotaka kutusumbua nalo.

Magoti yanamsumbua. Anatembea kidogo, anatafuta pa kukaa. Kiingereza hajui. Ameniuliza mambo mawili tu: ataswali wapi, na chakula cha huko ni halali?

Na mimi, nisifiche, natamani. Kwa mshahara wangu sijui kama nitapita tena huko. Nitarudi peke yangu baada ya wiki tatu, mama atabaki. Wakati wa kurudi nitatua Singapore saa kumi na moja jioni na kuondoka saa nane usiku, lakini usiku, tena peke yangu, sidhani kama nitathubutu kutoka.

Tufanyeje?

Binti wa Bi Kanga, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Hongereni kwa mjukuu, na mpe mama pole ya safari kabla hajaianza.

Tokeni. Saa kumi na tatu ni nyingi mno kumkalisha mtu mwenye magoti mabovu kwenye viti vya uwanja, hata uwanja mzuri kama huo wa Changi, Singapore. Ila ile orodha ya sehemu kumi na moja iweke kando. Mji mzima hamtaumaliza kwa siku moja. Mtaa mmoja mnaweza kuuona vizuri, na mtaa wa mama yako upo: unaitwa Kampong Glam, na ndani yake kuna barabara ya Arab Street ambayo kazi yake kwa vizazi imekuwa kuuza vitambaa.

Nianze na kaka yako, kwa sababu hofu yake ina msingi. Watu huachwa na ndege kweli, lakini sababu huwa zile zile. Ya kwanza ni tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, ambapo unalazimika kuchukua mizigo na kuikabidhi upya. Ninyi mna moja; hata hivyo, kwenye kaunta ya kwanza kabisa tazama karatasi ya begi na hakikisha imeandikwa Melbourne. Sababu ya pili ni saa. Singapore iko mbele ya Tanga kwa saa tano. Ndege yenu ikiondoka saa mbili na nusu usiku, saa ya mkononi ya mama itakuwa inasoma saa tisa na nusu alasiri. Mkitua tu, geuzeni saa zote. Na kwenye tiketi imeandikwa 20:30. Mwonyeshe kaka kwamba umeisoma sawasawa, atapunguza presha. Ya tatu ni kurudi uwanjani dakika za mwisho, na hilo tunalipanga sasa hivi.

Hesabu saa zako kutoka mwisho kuja mwanzo. Nataka muwe mmeshapita tena uhamiaji saa kumi na moja na nusu jioni, saa tatu kamili kabla ya ndege. Kwa hiyo saa kumi muwe mmerudi Changi. Asubuhi nako msikurupuke. Mkitua, mwili wa mama utadhani ni saa nane na nusu usiku. Muwekee kiti cha magurudumu mapema kupitia shirika la ndege, ni huduma isiyolipiwa, maana korido za Changi ni ndefu. Apate pa kunawa na kubadili nguo, anywe chai. Kuna sehemu za kuoga za kulipia kabla ya uhamiaji. Tokeni nje kama saa tatu na dakika arobaini na tano. Teksi za siku za kazi zina nyongeza ya asubuhi mpaka saa tatu na nusu, na maduka ya vitambaa hayafunguki mapema hata hivyo.

Nasema teksi, ingawa treni ni nzuri, safi, na nauli yake hadi mjini ni kama dola 2 za Singapore. Ungekuwa peke yako ningekupandisha treni. Kwa magoti ya mama, panga foleni ya teksi pale pale nje ya jengo. Zina mita, hakuna kupatana bei. Tenga kati ya dola 25 na 40. Mwambie dereva "Sultan Mosque", na muda wa nusu saa hivi mtashushwa mbele ya kuba la dhahabu.

Hapo sasa mwache mama aongoze.

Huo msikiti unaitwa Masjid Sultan. Wa kwanza ulijengwa miaka ya 1820, Waingereza walipogawa mji kwa makabila na eneo hili likaangukia kwa Sultani Hussein Shah, Wamalay wake, Wabugi wa visiwa vya Indonesia na Waarabu. Huu wa sasa ulimalizika mwaka 1932. Mkifika, msitazame dhahabu peke yake. Inueni macho pale kuba linapokalia ukuta: kuna ukanda mweusi unaong'aa umezunguka pote. Ule ukanda ni vitako vya chupa. Waumini wasio na fedha za kuchangia ujenzi walileta chupa, zikapangwa moja baada ya nyingine chini ya kuba ili na wao wawe wamejenga. Mama aliyewasomesha kwa kanga ataelewa ukanda ule bila mtu kumfafanulia. Adhuhuri ya Singapore huingia saa saba na kidogo, ataswali humo humo. Alasiri ataswali uwanjani. Changi ina vyumba vya swala.

Mbele ya msikiti kuna kijia cha miguu, Bussorah Street. Bussorah ni Basra, ule mji wa Iraq. Kando yake ni Baghdad Street, na nyuma kidogo ni Muscat Street, ambayo mwaka 2012 ilitengenezwa upya kwa ushirikiano na serikali ya Oman ikawekewa matao makubwa ya mawe yenye michoro ya biashara ya bahari. Mtu wa Tanga atasimama hapo Maskati ikamjia kwa jina na kwa tao. Hata neno glam ni mti, gelam, ambao magome yake yalitumika kukalafati vyombo vya baharini, yaani kuziba mianya ya mbao. Na Waarabu waliojenga utajiri katika mitaa ile walikuwa Wahadhrami wa Yemen, ndugu wa hao Washihiri tuliokua nao Tanga, Mombasa na Lamu. Ukoo mmoja mkubwa wa Singapore unaitwa Alsagoff. Pwani yetu jina hilo hilo tunalisema Saggaf. Pepo zilezile za kaskazi na kusi, watu walewale, waliogawana bahari.

Maduka ya Arab Street yana baraza. Mbele ya kila duka kuna njia iliyofunikwa, imeunganishwa na ya jirani mpaka mwisho wa barabara, upana wake kama hatua mbili. Mnatembea kivulini, mvua ikishuka hamlowi. Na itashuka: Singapore iko digrii moja na kidogo kaskazini ya ikweta, joto lake ni kama la Tanga mwezi wa tatu, na manyunyu ya mchana hugeuka kuwa mvua kubwa kwa dakika chache. Beba mwavuli mdogo.

Kwenye maduka hayo ndipo nataka muda wenu uishie. Muulizeni mwenye duka batiki. Ile ya kweli imechorwa kwa nta kisha ikatumbukizwa rangini, kwa hiyo rangi inapita pande zote mbili. Ya kuchapwa mashine, ukiigeuza, mgongo wake umefifia. Sina haja ya kumfundisha mama yako hili. Mkono wake utageuza kitambaa kabla hujamaliza sentensi, na mwenye duka atajua papo hapo kwamba anazungumza na mtu wa biashara. Mwonyeshe pia saruni: ina kipande kimoja chenye mchoro mwingine kabisa, wanakiita kepala, yaani kichwa, na sehemu iliyobaki ni badan, mwili. Sisi tuna pindo na mji. Wao hawana jina. Muulize mama saruni bila jina inasema nini, na utamsikia akiongea kwa dakika kumi bila kupumua.

Lugha haitamzuia kama unavyodhani. Wamalay wanaamkiana "apa khabar?", na hapo tayari ana habari yake. Sabuni kwao ni sabun, karatasi ni kertas, wakati ni waktu, dunia ni dunia, Ijumaa ni Jumaat. Kiarabu kimetuachia sote. Mwache ajaribu mwenyewe, usiwe mkalimani wa kila neno.

Naujua mtaa huu kwa sababu mvua ilinishika hapo. Miaka kadhaa iliyopita nilipita Singapore na marehemu mume wangu, tukiwa na saa tisa na karatasi yenye sehemu nane. Tulikimbia. Teksi, picha, teksi, picha. Ukiniambia leo nizikumbuke sehemu hizo nane, nazichanganya. Ninachokikumbuka ni dakika arobaini tulizokaa kwenye baraza la duka moja la vitambaa, mvua ikimwagika kama ndoo. Mwenye duka, mzee wa Kimalay, alituletea vigoda viwili vya plastiki bila kuombwa. Nilikuwa nimejitanda kanga, akagusa pindo akauliza maandishi yanasema nini. Yalisema "Mgeni njoo mwenyeji apone". Nilihangaika kuitafsiri kwa Kiingereza, mume wangu akanisaidia, mzee akacheka, akamwita mkewe kutoka ndani ili nirudie. Tulipofika uwanjani mume wangu alisema, "Leo tungekaa pale tu." Alifariki mwaka uliofuata. Ndiyo maana nakuandikia kwa urefu huu, mwanangu. Mama yako hajawahi kupanda ndege, na siku yake ya kwanza ughaibuni haifai kupotea kwenye viti vya teksi.

Chakula cha mtaa ule kisikupe shida. Kaunta nyingi ni za Waislamu, na alama ya halali ya baraza la Kiislamu la nchi, MUIS, hubandikwa wazi ukutani. Kuvuka barabara kutoka msikitini, upande wa North Bridge Road, kuna hoteli iitwayo Zam Zam, inapika tangu mwaka 1908. Agizeni murtabak. Mpishi anarusha donge la unga hewani mpaka liwe jembamba kama shuka, analitandaza kwenye bamba la moto, anamwagia kima, kitunguu na mayai, anakunja pembe nne. Mama ataangalia mara moja aseme, "Kumbe mkate wa mayai!" Ni ndugu yake kweli. Chai yao, teh tarik, humiminwa kutoka kikombe hadi kikombe kwa mkono ulioinuliwa juu mpaka ipige povu. Ni tamu sana. Kama mama ana sukari, ombeni isiyotiwa. Maji ya bomba nchini ni salama, jazeni chupa yenu.

Sasa wewe. Umeandika "natamani" kama mtu anayeomba msamaha, na mimi sioni kosa. Mkimaliza swala na kupumzika, saa nane na nusu chukueni teksi kutoka Kampong Glam hadi ukingo wa maji wa Marina Bay, hazizidi dakika kumi na tano. Hapo yupo yule simba mwenye mkia wa samaki, Merlion, urefu wake mita 8.6, aliyezinduliwa mwaka 1972, anatema maji kwenye ghuba. Piga picha yako, mpige na mama, mtumie mdogo wako anyamaze. Saa tisa na nusu ingieni teksi ya kurudi Changi. Kabla ya kuingia ndani pitieni Jewel, jengo la kioo lililounganishwa na Terminal 1: lina maporomoko ya maji ya mita 40 yanayoanguka kutoka tundu la paa, pande zote msitu. Kuna mahali pa kukaa. Mama atapenda kukaa hapo.

Bustani za Gardens by the Bay, zile zenye miti ya chuma inayowaka taa, usimpeleke mama safari hii. Onyesho la taa ni saa moja na dakika arobaini na tano usiku, na saa hiyo ninyi mnatakiwa muwe getini. Hizo ni za kwako, siku ya kurudi. Umesema utatua saa kumi na moja jioni na kuondoka saa nane usiku. Huo ndio muda wake hasa! Usiogope usiku wa Singapore. Ni miongoni mwa miji mikubwa ambayo mwanamke peke yake anaweza kupanda treni usiku pamoja na familia zinazotoka kula. Panda treni ya Changi, shuka Expo kubadili, kisha Downtown Line mpaka Bayfront. Kulipa, gusa kadi ya benki kwenye geti la kuingia na la kutoka. Bustani ya nje ni bure, yanayolipiwa ni majumba ya vioo. Lala chali chini ya ile miti, mrefu kuliko yote una mita 50, tazama onyesho la saa mbili na dakika arobaini na tano, kisha rudi. Saa tano usiku uwe uwanjani.

Makaratasi ni machache. Mwenye pasipoti ya Tanzania, sawa na ya Kenya au Uganda, haombi viza kwa ziara fupi Singapore, lakini lazima ujaze kadi ya kuingia nchini mtandaoni, SG Arrival Card, ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na kila mmoja wenu awe na yake. Ni bure, tovuti inayokudai pesa si ya serikali. Bebeni kadi za njano za chanjo ya homa ya manjano mkononi, siyo ndani ya begi kubwa, pamoja na viza za Australia. Kama dawa za magoti za mama zina codeine, muulize daktari mapema, kwani huweza kuhitaji kibali. Usikubali kubeba kifurushi cha mtu, hata cha jirani, hata kama ni dagaa. Sheria ya dawa za kulevya ya Singapore ina adhabu ya kifo na haisikilizi "nilipewa". Na kama mama anataka kumpelekea binti yake maembe au achari: Australia ni wakali kwa vyakula, atangaze kila kitu au aache nyumbani. Ndani ya treni msile wala kunywa, kuna faini.

Ikitokea mama ameamka na uchovu, au mvua imekataa, msilazimishe. Changi ina matembezi ya bure ya basi kwa wanaounganisha ndege wenye angalau saa tano na nusu, huchukua kama saa mbili na nusu na mama atakaa muda mwingi. Jiandikishe mapema mtandaoni, na kumbuka kwamba unajiunga nayo kabla hujapita uhamiaji mwenyewe. Hiyo iwe akiba.

Kaka mtumie ratiba hii jinsi ilivyo, pamoja na namba ya ndege. Mwahidi ujumbe mara tatu: mkitua, mkifika msikitini, na mkishapita uhamiaji jioni. Mtu aliyelala sakafuni siku mbili anahitaji kupewa kitu cha kushika.

Na kwa mama usirudie swali lile la wapi anataka kwenda, jibu lake umeshalisikia. Mwambie kuna barabara nzima ya wauza vitambaa Waislamu, unataka akusaidie kuchagua batiki ya mtoto. Kisha mwombe aweke doti moja ya kanga kwenye mkoba wa mkononi, ile yenye jina analolipenda kuliko yote. Wale wenye maduka watataka kuishika.